Kuchagua Pikapu za Gitaa la Umeme: Somo la Busara Nililolipata Shishiyu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Shishiyu, mkoani Simiyu. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Kwaya ya kigango chetu ilikuwa imelima ekari moja ya pamoja, na malipo yalipoingia wanakwaya waliketi na kukubaliana kwamba fedha hizo zitengeneze gitaa. Gitaa lenyewe ni la umeme, lenye tumbo nusu wazi, ambalo kwaya ilipewa na mfadhili miaka kadhaa iliyopita. Lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki kila lilipochomekwa, na pikapu yake ya nyuma ilikuwa imekufa. Kwa kuwa mimi ndiye frateri, na ndiye niliyeonekana kujua kusoma maelezo ya mitandaoni, kazi ya kuchagua pikapu mpya nilikabidhiwa mimi.

Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa maadili, na swali la fadhila ya busara nililijibu vizuri. Hata hivyo fedha ya kwaya niliitumia bila busara. Makala hii inaeleza kosa hilo na namna lilivyorekebishwa, ili kwaya nyingine yenye gitaa kama letu isipite njia niliyopita mimi. Nitaeleza kwanza chombo chenyewe, kisha nitafuata hatua tatu za busara kama anavyozifundisha Mtakatifu Thoma wa Akwino: kushauriana, kuamua na kutenda.

1. Pikapu ni nini?

Pikapu tunayoizungumzia hapa si gari la kubebea mizigo. Ni kile kipande kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye vichwa sita vya chuma au vilivyofunikwa kwa bati linalong'aa. Ndani yake mna vitu viwili: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Waya huo ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Unene wake ni kama milimita 0.06. Mzunguko huo wa waya mafundi wanauita koili.

Namna inavyofanya kazi iligunduliwa kabla gitaa la umeme halijakuwepo. Mwaka 1831 Michael Faraday, huko Uingereza, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na koili, umeme huzaliwa ndani ya waya. Katika gitaa, sumaku huufanya uzi wa chuma nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukipigwa hutikisika, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika kwa mwendo uleule, na umeme mdogo hutoka kwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo pikapu ya namna hii haisikii hewa kama maikrofoni inavyosikia. Inasikia mwendo wa chuma. Ndiyo maana nyuzi za nailoni haziwezi kutoa sauti juu yake, na nyuzi za shaba nyeusi zilizotengenezwa kwa gitaa kavu hutoa sauti dhaifu isiyolingana. Kabla ya kuilaumu pikapu, angalia kwanza nyuzi ulizofunga.

Hapa mwanafunzi wa falsafa atakumbuka jambo tunalolisikia mara nyingi darasani: kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Uzi ni uleule, na mkono unaoupiga ni uleule, lakini pikapu mbili zitaupokea kwa namna mbili. Mojawapo itauchukua ung'avu wa sauti; nyingine itaichukua zaidi sauti ya katikati na kuuacha ung'avu. Hakuna pikapu inayopokea kila kitu. Vilevile hakuna pikapu inayoweza kutoa kitu ambacho gitaa na mpigaji hawakukiweka.

2. Tumbo nusu wazi

Tuanzie kwenye zeze. Mzee anayepiga zeze hulitegemea buyu. Uzi peke yake ni mwembamba wa sauti. Buyu ndilo linaloipokea sauti na kuikuza. Gitaa kavu ni hivyohivyo: tumbo lake ni buyu la mbao. Sasa, ukichukua gitaa lenye tumbo wazi, ukaliwekea pikapu na kusimama karibu na spika kubwa, shida huanza. Sauti ya spika hulitikisa tumbo, tumbo huzitikisa nyuzi, nyuzi huipa pikapu umeme zaidi, spika huongeza sauti, na mzunguko huo hukua mpaka unasikia mluzi au mvumo usiokoma.

Mwaka 1958 kiwanda cha Gibson huko Marekani kilitoa gitaa lililoitwa ES-335. Kwa nje lina tumbo jembamba na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ndani, katikati, kuanzia upande wa shingo hadi mwisho wa tumbo, kuna gogo la mbao ngumu. Mabawa ya pembeni ni matupu, lakini katikati pamejaa. Ndiyo maana naliita la tumbo nusu wazi. Gogo hilo hupunguza mluzi, huku mabawa yakibakiza ulaini kidogo wa gitaa kavu. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayofika kwetu yameiga ujenzi huo.

Kupunguza mluzi si kuumaliza. B.B. King, ambaye mwaka 1974 alipiga Kinshasa kwenye tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, alikuwa na desturi ya kushindilia vitambaa katika matundu ya gitaa lake ili lisilie lenyewe. Mwaka 1980 Gibson walimtengenezea gitaa lisilo na matundu kabisa. Kama mpigaji wa kiwango chake alihitaji kitambaa, kwaya yenye spika mbili chini ya paa la bati nayo isione aibu kukitumia.

3. Kosa langu

Nilipoanza kutafuta pikapu, niliona kwamba kila moja huandikwa namba ya ukinzani wa koili kwa kilo-omu. Nyingine zilikuwa na 7 au 8, nyingine 15. Nikahitimisha kwamba 15 ni bora kuliko 8, kama gunia la kilo mia lilivyo bora kuliko la kilo hamsini. Nikaagiza Mwanza jozi ya pikapu za 15, zenye sumaku ya kauri, na karibu fedha yote ikaishia hapo. Fundi redio wa pale senta akazifunga.

Dominika iliyofuata gitaa lilikuwa na nguvu kweli. Wimbo wa mwanzo ulipita. Kwenye Utukufu, mpiga gitaa alipoongeza sauti ili alingane na kinanda, mluzi ukaanza. Akipunguza, gitaa linapotea. Akiongeza, linawameza waimbaji wa sauti ya tatu na ya nne. Na ule mvumo wa nyuki uliotufanya tununue pikapu ulikuwa bado upo, tena mkubwa zaidi.

Baada ya Misa, mama mmoja mzee wa sauti ya pili, ambaye kwaya nzima tunamwita Mayu, alinisogelea nje ya kanisa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Frateri, kabla hujaenda kununua, ulituuliza tunataka gitaa lituimbie nini?"

Sikuwa na jibu. Sikumwuliza mtu yeyote, hata mpiga gitaa mwenyewe.

4. Hatua ya kwanza: kushauriana

Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anafundisha kwamba watu hushauriana juu ya njia, si juu ya lengo. Tabibu hajiulizi kama amponye mgonjwa, hujiulizi amponyeje. Lakini hilo lina sharti moja: lengo lazima liwe limejulikana tayari. Mimi nilianza kutafuta njia kabla ya kulijua lengo, na kwa sababu hiyo namba kubwa ikajifanya lengo.

Jioni ile ya Dominika tuliketi na kwaya, na swali la Mayu likawa ajenda. Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyodhani. Kwanza, hawataki gitaa liongoze. Kinanda kinatosha kuongoza. Pili, wanataka gitaa lipige nyuzi nyembamba, lijibu waimbaji wanapovuta pumzi, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo. Mzee mmoja wa besi alitoa mfano wa magitaa ya solo ya muziki wa dansi, kama ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz au ya Dr Nico wa Kongo: kila noti inasikika peke yake, kama mbegu zikidondoka kwenye ungo. Tatu, wanataka mvumo uishe wakati wa masomo, maana unawasumbua wasikilizaji.

Lengo lilipojulikana, tukaanza kuchunguza. Tulizirudisha kwanza pikapu za zamani, kisha tukaifuata njia yote ya sauti kuanzia ukutani hadi kwenye uzi. Huu ndio mpangilio nilioupata kwa majuto, na ninakushauri uufuate kabla ya kutoa hata shilingi moja.

*Umeme wa ukutani.* Umeme wa gridi hapa Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaosikika kwenye spika hutoka humo, hasa kwa 50 na 100. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutikisika takriban mara 82 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo unakaa palepale penye sauti za chini za gitaa, na huwezi kuuondoa kwa kupunguza besi bila kuliumiza gitaa lenyewe. Angalia kama soketi ina ethi ya kweli. Sisi tulikuta ekstensheni ya kanisa haina waya wa ethi kabisa. Kama mnatumia umeme wa jua, jueni kwamba inveta za bei nafuu huleta mkwaruzo wa aina yake; jaribuni gitaa mahali pengine penye umeme wa kawaida ili mlinganishe. Chaja za simu na baadhi ya taa nazo ziondolewe moja moja huku mkisikiliza.

Hapa kuna onyo. Mpigaji akihisi anarushwa na umeme anapogusa nyuzi, au midomo yake inapogusa maikrofoni, zimeni kila kitu mara moja na mwiteni fundi umeme. Hilo si tatizo la pikapu. Ni hatari ya kifo.

*Ethi ya ndani ya gitaa.* Gusa nyuzi kwa mkono huku gitaa limechomekwa. Kama mvumo haubadiliki, lakini unapungua ukigusa chuma cha jeki, basi waya unaounganisha nyuzi na ethi umekatika. Wa kwetu ulikuwa umeng'oka kwenye chuma kinachoshika nyuzi. Fundi aliurudishia kwa lehemu kidogo, kwa muda wa kunywa chai. Baada ya waya huo na ekstensheni mpya yenye ethi, mvumo wote tuliotaka kuuponya kwa pikapu mpya ulikwisha.

*Pikapu yenyewe.* Chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu mpaka mwisho, chagua pikapu moja, kisha pima kwa mita ya fundi kati ya ncha ya jeki na mwili wake. Pikapu nzima ya kawaida itasoma karibu 7 hadi 9 kilo-omu. Ukisoma karibu sifuri, mahali fulani nyaya zimegusana. Ukisoma kama 500, hiyo si pikapu unayoisoma. Ni poti, yaani kile kipande kilicho chini ya kitufe cha volyumu, na maana yake koili imekatika au waya wake umeachia. Ya mbele kwetu ilisoma 7.4, nzima kabisa. Ya nyuma ilisoma 490. Fundi alipoifungua alikuta waya mwembamba umeliwa na kutu mwanzoni mwa koili.

Basi ukweli ulikuwa huu: tulihitaji pikapu moja, si mbili, na kero kubwa haikuwa ya pikapu hata kidogo.

5. Hatua ya pili: kuamua

Shauri lisiloishia kwenye uamuzi ni mazungumzo tu. Tukiwa na lengo na vipimo mkononi, mambo ya kuamua yalikuwa sita.

*Koili moja au mbili.* Koili moja hunasa sauti ya uzi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme ulioko hewani. Katika miaka ya 1950 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliweka koili mbili pamoja, moja ikiwa imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku yake ikiwa imegeuzwa. Matokeo yake sauti ya uzi hujumlishwa, na mvumo hujifuta wenyewe. Aliomba hataza mwaka 1955, akaipata mwaka 1959. Pikapu ya namna hii huitwa hambaka. Ile ya koili moja iitwayo P-90, ambayo Gibson waliitoa mwaka 1946, ina sauti kali yenye utamu wake, na wapo wanaoipenda sana katika magitaa ya tumbo wazi. Lakini kwa kanisa lenye nyaya za mashaka, hambaka ni salama zaidi.

*Wingi wa mizunguko.* Kadiri waya unavyozungushwa mara nyingi, ndivyo pikapu inavyotoa nguvu zaidi, na ndivyo inavyopoteza ung'avu na kujaza sauti ya katikati. Namba ya kilo-omu hukupa dokezo la hilo, lakini ni dokezo tu, maana unene wa waya nao hubadilisha namba. Pikapu za 14 au 15 zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa mkwaruzo mzito. Kwa sauti safi ya kwaya, 7 hadi 9 inatosha. Sauti ya katikati ndipo walipo waimbaji. Gitaa likijaa hapo, linagombana nao.

*Sumaku.* Alniko ni mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Alniko namba 2 ni laini na ya duara. Namba 5 ina nguvu na ung'avu zaidi. Kauri ni kali zaidi na sauti yake hutoka kwa kishindo. Hakuna iliyo mbaya. Kwa upande wa nyuma wa gitaa letu, alniko 5 ilifaa kwa sababu inatoa noti zinazosikika moja moja.

*Nta.* Katika gitaa la tumbo nusu wazi jambo hili ni muhimu kuliko wauzaji wengi wanavyolieleza. Kama nyaya za koili zimelegea, zenyewe hutikisika mbele ya spika na kuzaa mluzi. Ndiyo maana pikapu nyingi huzamishwa katika nta ya moto ili kila mzunguko ushikane na mwenzake. Wapo wapigaji wanaopenda zisizo na nta, kwa kuwa zinachukua pia sauti kidogo ya mbao. Hao hupiga kwa sauti ndogo, katika vyumba vidogo. Chini ya paa la bati, chukua yenye nta.

*Vipimo.* Pima kabla ya kuagiza. Fremu ya hambaka ya kawaida ni karibu milimita 70 kwa 38, lakini baadhi ya magitaa ya bei nafuu yana vipimo vyake. Pima pia umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita juu ya pikapu: kwa kawaida ni kama milimita 50 upande wa shingo na 52 au 53 upande wa daraja, yaani pale nyuzi zinapokalia. P-90 ya kawaida haitaingia kwenye nafasi ya hambaka bila kuchonga mbao, na gitaa la kwaya lisichongwe kwa kubahatisha.

*Poti.* Hambaka kwa kawaida hutumia poti za kilo-omu 500, na koili moja 250. Poti ndogo hula ung'avu. Kama gitaa lako linasikika kama limefunikwa blanketi, huenda kuna poti za 250 ndani, na kuzibadilisha ni rahisi kuliko kubadilisha pikapu.

Uamuzi wetu ukawa hivi: ya mbele ibaki ileile, nyuma ifungwe hambaka moja ya alniko 5, yenye kilo-omu 8 hivi na yenye nta. Ya nyuma iwe na nguvu kidogo kuliko ya mbele, kwa sababu karibu na daraja nyuzi hutikisika kidogo.

6. Hatua ya tatu: kutenda

Kwa Mtakatifu Thoma, tendo kuu la busara ni hili la tatu. Mtu anaweza kushauriana vema na kuamua vema, kisha akashindwa kutekeleza, na hapo hana busara bado. Kwangu mimi kutekeleza kulikuwa na sehemu mbili.

Ya kwanza ilikuwa haki. Pikapu za 15 niliziuza kwa kijana anayepiga katika bendi ya harusi, ambaye ndizo alizokuwa akizitafuta. Kwake hazikuwa kosa. Nilizipata kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia. Tofauti ile niliirudisha kwa kwaya kutokana na vibarua vya kufyatua matofali, wiki mbili kabla ya kurudi seminarini. Mwenyekiti wa kwaya alisema si lazima. Nilimwomba aipokee, kwa kuwa fedha ile ilitoka kwenye migongo iliyopinda shambani, na mimi niliitumia bila kuwauliza wenyewe.

Ya pili ilikuwa kazi ya mikono. Gitaa la tumbo nusu wazi lina ugumu wake: mara nyingi halina mlango nyuma, na poti na jeki lazima zipite kwenye tundu la pikapu au la herufi f. Kabla ya kulegeza chochote, piga picha na uchore ramani ya nyaya. Funga uzi mrefu wa kushonea kwenye kila mhimili wa poti kabla ya kuisukuma ndani, ili baadaye uvute uzi na poti irudi yenyewe kwenye tundu lake. Fundi wetu alikuwa hajawahi kulifungua gitaa la aina hii. Uzi wa kushonea ulimwokolea nusu siku. Kama unabadilisha pikapu moja tu, unaweza kuziacha poti mahali pake na kukata waya wa zamani ukiwa umebakiza kipande cha kuungia. Ni njia ya mkato, lakini ni halali: unganisha kwa lehemu, kisha funika kila kiungo kisigusane na kingine.

Kabla ya kufunga skrubu zote, jaribu pikapu zote mbili kwa pamoja. Sauti ikiwa nyembamba na yenye kukwaruza pua, pikapu hizo zinapingana. Geuza nyaya mbili za ile mpya. Ila kama waya mmojawapo ni ule wa wavu unaogusa bati la pikapu, usiugeuze. Muulize fundi kwanza. Mwisho rekebisha kimo. Bonyeza nyuzi kwenye mraba wa mwisho wa shingo, kisha acha nafasi ya milimita 2.4 kwa pikapu ya mbele na 1.6 kwa ya nyuma. Hapo ni pa kuanzia tu. Baada ya hapo masikio yaongoze. Kuishusha pikapu nusu milimita ni bure, na mara nyingi ndiyo tiba ambayo mtu aliitafuta kwa kununua nyingine.

Hitimisho

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 120, unaipa organi heshima ya pekee, kisha unaruhusu vyombo vingine kwa ridhaa ya mamlaka husika, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waamini. Sisi Wasukuma tunao mfano wa karibu: katika miaka ya 1950 Padre David Clement pale Bujora, karibu na Mwanza, alianza kukusanya na kutunza ngoma na vyombo vya Kisukuma, na utamaduni huo ukapata nafasi katika maisha ya Kanisa. Swali la kufaa, basi, halijibiwi na jina la chombo peke yake. Linajibiwa pia na namna kinavyowekwa kuwatumikia wanaosali.

Dominika yangu ya mwisho nyumbani, gitaa lilipigwa wakati wa matoleo. Wakati wa masomo halikuvuma. Waimbaji walipovuta pumzi, lilijibu noti chache na kunyamaza tena. Nilimtazama Mayu. Alikuwa akiimba macho yamefumba, na nadhani alikuwa amelisahau gitaa.

Maswali ya kujadili katika kwaya au darasani

1. Je, kwaya yetu imewahi kununua chombo kabla ya kukubaliana kinatakiwa kufanya nini?
2. Katika njia yote ya sauti, kuanzia soketi hadi uzi, ni sehemu ipi hatujawahi kuichunguza?
3. Anayejua zaidi kuliko wenzake ana wajibu gani anapokabidhiwa fedha yao?